Siku Kumi na Tisa za Agosti: Je, Urusi Ilikuwa na Haki ya Kuingia Georgia Mwaka 2008?

Saa 5:35 usiku wa kuamkia Agosti 8, 2008, jeshi la Georgia lilianza kuupiga mji wa Tskhinvali kwa mizinga na maroketi ya Grad. Ni mji mdogo, makao makuu ya Ossetia Kusini, eneo ambalo kisheria ni la Georgia lakini lilikuwa limejitenga tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Siku iliyofuata vifaru vya Urusi vilimiminika kupitia handaki la Roki, lililochimbwa chini ya Milima ya Kaukazi. Kabla ya wiki kwisha vilikuwa Gori, mji ulio nje kabisa ya Ossetia Kusini, kwenye barabara kuu ya kwenda Tbilisi, mji mkuu wa Georgia. Agosti 26, Rais Dmitry Medvedev wa Urusi akatia saini amri ya kuzitambua Ossetia Kusini na Abkhazia, eneo jingine la Georgia lililojitenga, kuwa nchi huru.

Siku kumi na tisa kwa jumla, na watu wapatao 850 waliuawa.

Mjadala wa kama Urusi ilikuwa na haki haujaisha hadi leo, na kila ninapoufuatilia naona unakwamia mahali pale pale. Anayeitetea Urusi huanza kusimulia usiku wa Agosti 7: nani alifyatua kombora la kwanza, walinda amani wangapi walikufa. Anayeilaumu huanzia Agosti 26: ramani imebadilishwa kwa nguvu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wanaliacha nje lile ambalo mwenzao analishikilia, kwa sababu wamekubaliana bila kujua kwamba vita nzima lazima ipewe hukumu moja, ndiyo au hapana.

Mimi siioni hivyo. Haki ya kutumia silaha katika nchi ya mwenzako ina muda wake na mipaka yake. Unaweza kuwa nayo asubuhi ukaipoteza jioni. Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa hasa kwa sababu mstari huo unaonekana ndani yake waziwazi kuliko katika vita nyingi ninazozijua, na ushahidi wake umepitiwa na wachunguzi na mahakama kadhaa.

Kabla ya usiku ule

Waossetia wanaishi pande zote mbili za Milima ya Kaukazi. Wa kaskazini wako ndani ya Urusi, wa kusini ndani ya Georgia. Mwaka 1922 Wasovieti waliipa Ossetia Kusini mamlaka ya ndani chini ya Georgia. Sensa ya 1989 ilionyesha wakazi wapatao elfu 98. Theluthi mbili yao Waossetia, karibu asilimia 29 Wageorgia. Vijiji vyao vilichanganyikana kama punje kwenye ungo: bonde la kaskazini mwa Tskhinvali lilikuwa na vijiji vya Wageorgia vya Tamarasheni, Achabeti, Kurta na Kekhvi, tena vikiwa juu ya barabara ile ile inayokwenda handaki la Roki. Upande wa mashariki, wilaya ya Akhalgori ilibaki chini ya serikali ya Tbilisi hata baada ya Ossetia Kusini kujitenga. Naomba msomaji aikumbuke Akhalgori, nitairudia.

Desemba 1990, Umoja wa Kisovieti ukiwa unayumba, bunge la Georgia liliyafuta mamlaka ya ndani ya Ossetia Kusini. Vita ikazuka. Kiasi cha watu elfu moja walikufa na makumi ya maelfu wakahama. Juni 24, 1992, Boris Yeltsin, Rais wa Urusi, na Eduard Shevardnadze, kiongozi wa Georgia, walikutana Sochi wakaafikiana kusimamisha mapigano na kuweka kikosi cha pamoja cha kulinda amani, chenye askari wa Urusi, wa Georgia na wa Ossetia. Kila upande ulipewa nafasi ya batalioni moja ya askari wasiozidi 500.

Tazama ulivyokaa mpangilio huu. Urusi ndiyo iliyokuwa mwamuzi, na wakati huo huo ndiyo iliyokuwa ikiwasaidia waliojitenga kwa fedha, maofisa na silaha. Nchi kubwa ikishapewa kazi ya kulinda amani katika mgogoro ambao yenyewe ni mhusika, imekwisha kuweka mguu mmoja mlangoni. Shambulio lolote dhidi ya mguu huo litakuwa sababu ya kuingiza mwili mzima.

Mwaka 2008 mambo yalizidi kukaza. Februari 17 Kosovo ilitangaza uhuru kutoka Serbia, na nchi nyingi za Magharibi zikautambua licha ya pingamizi la Urusi. Mwanzoni mwa Aprili, viongozi wa NATO waliokutana Bucharest walitamka kwamba Georgia na Ukraine zitakuja kuwa wanachama, bila kusema lini na bila kuwapa ulinzi wowote kwa muda wa kati. Katikati ya mwezi huo huo Vladimir Putin, aliyekuwa bado Rais wa Urusi, aliagiza serikali yake ianzishe uhusiano wa moja kwa moja na Abkhazia na Ossetia Kusini. Mwishoni mwa Mei askari wa reli wa Urusi waliingia Abkhazia kukarabati njia ya treni. Julai jeshi la Urusi lilifanya mazoezi makubwa upande wa pili wa milima, na Georgia nayo ikafanya yake pamoja na Wamarekani.

Wiki ya kwanza ya Agosti ilikuwa ya kurushiana risasi na makombora kati ya vijiji. Jioni ya Agosti 7 Rais Mikheil Saakashvili wa Georgia alionekana kwenye televisheni akitangaza kwamba upande wake umesimamisha mapigano. Saa chache baadaye mizinga yake ikaanza kunguruma.

Hoja yenye nguvu kuliko zote

Haki itendeke kwa Urusi kwanza, maana wengi wanaoilaumu huiruka hoja hii.

Katika kambi yao ya Tskhinvali walikuwamo walinda amani wa Kirusi waliokuwapo kihalali, kwa mkataba ambao Georgia yenyewe iliutia saini. Baadhi yao waliuawa katika saa za mwanzo. Ibara ya 51 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inairuhusu nchi kujihami inaposhambuliwa kwa silaha, na tafsiri ya uchokozi iliyopitishwa na Baraza Kuu mwaka 1974 inahesabu kuwa uchokozi kitendo cha kuyashambulia majeshi ya nchi nyingine ya nchi kavu, majini au angani. Kambi si ardhi ya Urusi, lakini askari waliomo ni wa Urusi.

Georgia ilijibu kwamba safu za vifaru vya Kirusi zilikuwa tayari zinapita Roki usiku ule, na kwamba yenyewe ndiyo iliyokuwa inajihami. Umoja wa Ulaya uliunda tume ya uchunguzi chini ya mwanadiplomasia wa Uswisi, Heidi Tagliavini, nayo ikatoa ripoti Septemba 30, 2009. Tume hiyo haikupata ushahidi wa kutosha wa uvamizi mkubwa wa Urusi kabla ya shambulio la Tskhinvali. Ilisema shambulio lenyewe halikuwa na uhalali katika sheria za kimataifa. Maroketi ya Grad hayalengi dirisha wala mtaa. Hutapakaa juu ya eneo zima, na anayeyaelekeza usiku kwenye mji wenye watu anajua watakaoangukiwa ni akina nani.

Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: katika saa za mwanzo Urusi ilikuwa na haki ya kuwaokoa askari wake na kuyanyamazisha yale mizinga. Tume ilifika huko pia. Saakashvili aliwapa Moscow sababu ambayo wasingeweza kuitengeneza wenyewe vizuri kuliko hapo, na Waossetia waliokufa kwenye vyumba vya chini ya nyumba zao usiku ule hawapaswi kufutwa kwenye simulizi eti kwa sababu aliyekuja baadaye alikuwa na nia zake.

Swali ni haki hiyo ilikuwa inatosha kununua nini. Kuwaokoa walinda amani, ndiyo. Kuizuia mizinga iliyokuwa inaupiga mji, ndiyo. Hapo orodha inaisha. Na Agosti 10 jeshi la Georgia lilikwisha kuondoka Tskhinvali.

Raia waliotengenezwa

Hoja ya pili ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa kuwa dola yoyote kubwa inaweza kuiiga. Medvedev alisema ni wajibu wake kama rais kulinda uhai na heshima ya raia wa Urusi popote walipo. Na kweli, ifikapo 2008, wengi wa wakazi wa Ossetia Kusini walikuwa na pasipoti za Kirusi.

Walizipataje? Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, watu wa maeneo hayo walibaki na hati za nchi isiyokuwapo tena. Wengi hawakutaka uraia wa Georgia, na bila hati halali hawakuweza kusafiri, kusoma nje wala kupata pensheni. Kuanzia 2002, Urusi ilianza kugawa uraia kwa wingi, pasipoti zikitolewa kwa maelfu ya watu ambao hawakuwahi kuhama vijiji vyao. Simlaumu mama wa Tskhinvali aliyeichukua. Mtu anayetafuta pensheni ya kununulia unga haulizi sheria ya kimataifa inasemaje.

Namlaumu aliyekuwa akigawa. Sheria ya uraia ina kanuni ya zamani iliyothibitishwa mwaka 1955 na Mahakama ya Kimataifa ya Haki katika kesi ya Nottebohm, Mjerumani wa kuzaliwa aliyefanya maisha yake Guatemala, kisha mwaka 1939 akajipatia uraia wa Liechtenstein, nchi ambayo hakuwa na uhusiano nayo wa maana. Mahakama ilisema Guatemala haikulazimika kuutambua uraia huo katika madai dhidi yake. Lazima pawepo kifungo cha kweli kati ya mtu na nchi. Tume ya Tagliavini ilihitimisha kwamba sehemu kubwa ya pasipoti zile zilitolewa kinyume cha sheria za kimataifa, hivyo wenye nazo hawakuweza kuhesabiwa raia wa Urusi kwa ajili ya kuhalalisha vita.

Fikiria matokeo ya kuikubali hoja ya Medvedev kama ilivyo. Nchi kubwa inavuka mpaka kwa karatasi na mihuri, inawaandikisha watu, inasubiri miaka sita, halafu inavuka kwa vifaru kuwalinda wale wale iliowaandikisha. Sababu ya vita inachapishwa kama vitabu. Hakuna jirani mdogo atakayelala usingizi katika ulimwengu wenye kanuni hiyo, kwa maana karibu kila mpaka duniani una watu wa kabila moja au lugha moja pande zote mbili.

Wapo wanaosema kuokoa raia wako nje ya nchi ni desturi ya zamani, na hutaja Entebbe. Julai 1976 makomandoo wa Israel walitua uwanja wa ndege wa Entebbe, wakawatoa mateka waliokuwa wametekwa pamoja na ndege yao, wakaondoka kabla hakujapambazuka. Hata operesheni ile ililaaniwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika kwa kuvunja mamlaka ya Uganda, na askari wa Uganda walikufa. Lakini tuseme unaikubali. Walioingia Entebbe walijua wanayemfuata, walimchukua, wakatoka. Hawakuitangaza Entebbe kuwa nchi huru wiki tatu baadaye.

Elfu mbili

Katika siku za kwanza viongozi wa Urusi na wa Ossetia Kusini walitangaza kwamba raia karibu elfu mbili wameuawa Tskhinvali, na neno maangamizi ya kimbari likawa linatamkwa kila saa. Waziri wa Mambo ya Nje, Sergei Lavrov, alilishika hata lile fundisho jipya la Wajibu wa Kulinda, kwamba dunia ina wajibu wa kuwaokoa watu wanaoangamizwa, ambalo viongozi wa dunia walilikubali mwaka 2005.

Baadaye wachunguzi wa Urusi yenyewe walifikia idadi ya raia 162.

Raia 162 ni wengi mno. Kila mmoja alikuwa na jina, na mji mdogo kama ule hausahau. Ila pengo kati ya 162 na elfu mbili lilikuwa na kazi. Watu waliosikia elfu mbili redioni waliamini kwamba kabila zima linafutwa, na waliokuwa na silaha wakaelekea kwenye vijiji vya jirani zao wakiwa na moyo huo. Tume haikuona ushahidi wa mpango wa kimbari wa Georgia. Na Wajibu wa Kulinda, ukisoma aya za 138 na 139 za azimio la 2005, unapitia Baraza la Usalama. Hakuna sentensi pale inayoiachia nchi moja ijiteue yenyewe.

Kutoka Tskhinvali hadi Poti

Sasa tuifuate ramani. Bomu lililoangushwa Gori halikuwa linamlinda mlinda amani wa Tskhinvali. Kuingia kambi ya kijeshi ya Senaki na bandari ya Poti, magharibi ya mbali karibu na Bahari Nyeusi, hakukuwa kunazima mizinga yoyote. Kwenye bonde la juu la Kodori, upande wa Abkhazia, Georgia haikuwa imeanzisha shambulio lolote. Huko Waabkhazia walifungua mapigano mapya wakisaidiwa na Urusi, na tume ikasema wazi kwamba hapakuwa na uhalali. Vikosi vya Urusi vilifika Igoeti, mwendo wa kama kilometa arobaini kutoka Tbilisi.

Mtu anaweza kunijibu kwamba vitani huwezi kumwacha adui ajipange upya nyuma ya mstari. Hoja hiyo ina uzito, na nisingependa kuipita juu juu. Adui akirudi nyuma kilometa ishirini na mizinga yake mizima, kesho atapiga tena. Ndiyo maana nakubali kwamba ndege za Urusi zilikuwa na hoja dhidi ya kambi iliyokuwa ikilipatia silaha shambulio la Tskhinvali. Ila hoja hiyo hufa jeshi la upande wa pili linapokuwa linakimbia na kuomba kusitisha mapigano, na Georgia ilikuwa inaomba. Agosti 12 Rais Nicolas Sarkozy wa Ufaransa alipata kibali cha Moscow kwa makubaliano yake ya vipengele sita. Askari wa Urusi waliingia Gori baada ya hapo.

Pande zote mbili zilitumia mabomu ya mtawanyiko.

Halafu kuna vile vijiji. Tamarasheni, Achabeti, Kurta, Kekhvi, na Eredvi upande wa mashariki. Wageorgia wengi walikwisha kukimbia. Waliobaki ni wazee, wale wasioweza kutembea mbali au wasiotaka kuacha ng'ombe na mizabibu yao. Nyumba zilichomwa moja baada ya nyingine, si katika joto la mapigano, kwa kuwa jeshi la Georgia lilikuwa halipo tena. Picha za setilaiti zilizochambuliwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa mwezi huo huo zilionyesha mapaa yametoweka mtaa baada ya mtaa katika vijiji vya Wageorgia. Waliochoma wengi walikuwa wanamgambo wa Kiossetia. Jeshi la Urusi lilikuwapo, na ndilo lililoshika barabara.

Januari 21, 2021, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa hukumu juu ya siku hizo. Ilisema kuanzia Agosti 12 Urusi ndiyo iliyokuwa na udhibiti wa maeneo hayo, na ikaibebesha jukumu la mauaji ya raia, uchomaji na uporaji katika vijiji vya Wageorgia. Ilieleza pia habari za raia wapatao 160, wengi wao wazee, waliofungiwa katika chumba cha chini cha jengo la usalama Tskhinvali kwa kama wiki mbili. Tume ya Tagliavini ilikuwa imetumia neno zito zaidi: usafishaji wa kikabila.

Mtu akiniuliza kipimo changu cha uingiliaji ni kipi, nitamwelekeza hapa. Ukiingia nchi ya watu kwa jina la kuwalinda wanyonge, hesabu yako haianzii kwa wale wa kabila lako. Inaanzia kwa mzee wa kabila la pili aliyebaki kijijini baada ya wewe kufika, akiwa mikononi mwako. Urusi ilikuwa na maelfu ya askari kwenye bonde lile na haikuzilinda nyumba zile.

Sikubaliani na jambo moja katika hukumu ya Ulaya. Kwa kura 11 dhidi ya 6, majaji walisema kwamba katika siku za mapigano makali, kuanzia Agosti 8 hadi 12, Mahakama haikuwa na mamlaka ya kisheria kwa sababu ya vurumai iliyokuwapo. Maana yake bomu lililoua watu Gori siku hizo halina wa kuliulizia mbele ya mahakama ile. Mimi ninayedai kila siku ihukumiwe peke yake nashindwa kuelewa kwa nini siku zilizoua zaidi ziachwe bila kuhukumiwa. Kesi ambayo Georgia iliipeleka Mahakama ya Kimataifa ya Haki nayo ilikuwa imekufa Aprili 2011, kwa kigezo kwamba nchi hizo mbili hazikuwa zimejadiliana kwanza kama unavyotaka mkataba wa kukomesha ubaguzi wa rangi, ambao ndio uliokuwa msingi wa kesi hiyo. Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu ilitoa hati za kuwakamata watu watatu Juni 2022, miaka karibu kumi na minne baadaye.

Kagera

Msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa ameshaanza kuniuliza kimoyomoyo: na Tanzania je? Jeshi la Idi Amin liliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na Amin akatangaza kwamba eneo lile ni lake. Tanzania ilimtoa, kisha haikuishia mpakani. Aprili 11, 1979, Kampala ikaanguka. Kwa kipimo changu cha kujihami, hiyo nayo ilipita mstari, na baadhi ya viongozi wa Afrika waliokutana Monrovia mwaka huo walimwambia Mwalimu Nyerere hivyo hivyo. Jibu lake lilikuwa kwamba zilikuwa vita mbili: ya Watanzania kuilinda nchi yao, na ya Waganda kumwondoa dikteta wao.

Sitaki kuikwepa. Nikisema kuvuka mstari ni kosa, basi Tanzania nayo ilivuka, na Waganda watabishana juu ya miaka iliyofuata kwa muda mrefu bado. Kinachozitofautisha kesi hizi kwangu ni kilichofanyika baada ya bunduki kunyamaza. Tanzania haikuchukua hata pembe moja ya ardhi ya Uganda, na kufikia katikati ya 1981 jeshi lake lilikuwa limeondoka. Urusi ilijenga kambi za kudumu Ossetia Kusini na Abkhazia.

Kosovo na NATO

Kuhusu Kosovo nitakuwa mfupi. Urusi ilisema Magharibi ndiyo iliyoivunja kanuni kwanza, kwa kuipiga Yugoslavia mabomu mwaka 1999 bila idhini ya Baraza la Usalama na kisha kuitambua Kosovo. Ni malalamiko ya haki, na waliofanya hivyo walipaswa kujua kwamba mlango waliouacha wazi utapitwa na wengine. Lakini anayelia kwamba kanuni imevunjwa hawezi katika pumzi ile ile kudai zamu yake ya kuivunja. Ukiamini Kosovo ilikuwa kosa, Ossetia Kusini ni kosa la pili.

Hofu ya NATO ni sababu ya kisiasa, na huenda ndiyo iliyokuwa na uzito mkubwa kuliko zote chumbani mwa wakubwa wa Moscow. Haimo popote katika sheria. Jirani kuchagua marafiki usiowapenda hakukupi haki ya kumpiga.

Agosti 26

Utambuzi ule ndio uliofunga mjadala kwangu. Kama lengo lilikuwa kuwalinda Waossetia, walikwisha kulindwa; Georgia haikuwa na jeshi la kurudi. Kuwatenga moja kwa moja na nchi ambayo mpaka wake Urusi yenyewe ilikuwa imeutambua miaka yote hiyo kulihitaji hoja nyingine kabisa, na haikutolewa. Baada ya Urusi, zilizofuata ni Nicaragua, Venezuela na Nauru, na miaka kadhaa baadaye Syria. Hakuna hata nchi moja ya Afrika iliyojiunga nazo. Bara ambalo mwaka 1964 mjini Cairo lilikubaliana kuiheshimu mipaka ya kurithi, kwa uchungu wote uliomo ndani yake, linajua kinachofuata pale kila kabila lililogawanywa na mpaka linapopewa vifaru na jirani mkubwa.

Mwaka 2009 Urusi ilitumia kura yake ya turufu kuufunga ujumbe wa waangalizi wa Umoja wa Mataifa uliokuwapo Georgia. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya, waliofika Oktoba 2008, hawaruhusiwi kuvuka upande wa pili. Wanatazama kwa darubini.

Narudi Akhalgori. Hakuna kombora lililotoka wilaya ile kuelekea Tskhinvali. Wakazi wake wengi walikuwa Wageorgia, serikali yao ilikuwa ya Tbilisi, na mapigano hayakufika kwao. Katikati ya Agosti, baada ya makubaliano ya Sarkozy, wilaya ikachukuliwa, kwa sababu kwenye ramani ya Kisovieti ilikuwa ndani ya mstari wa Ossetia Kusini. Askari gani wa kulinda amani alikuwa hatarini Akhalgori? Raia gani alikuwa akichinjwa pale? Kila mtetezi wa vita ile niliyemuuliza maswali haya amehamia mada nyingine.

Wengi waliokimbia kutoka huko walijengewa nyumba Tserovani, kando ya barabara kuu ya Tbilisi kwenda Gori: nyumba kama elfu mbili zinazofanana, zimepangwa kwa safu. Kwa miaka kumi na kitu wazee waliweza kwenda na kurudi kupitia kizuizi cha Odzisi, wakiangalia mashamba yao na makaburi ya wazazi wao. Septemba 2019 kizuizi kikafungwa, kikaja kufunguliwa tena 2022 kwa siku chache tu kila mwezi. Kutoka Tserovani hadi Akhalgori ni mwendo mfupi wa gari.